Shorobo, Ndege Mwenye Shaba Mbawani

Ninyi mkaao karibu na msitu, iwe ni Usambara, au Upare, au mitelemko ya Kilimanjaro, bila shaka mmepata kuisikia sauti hii asubuhi kabla jua halijawa kali: kau-kau-kau-kau, nzito, ya kukwaruza, kama ya mzee anayekohoa na kugomba kwa wakati mmoja. Mmoja huanza bondeni. Hajamaliza, wa pili amjibu kutoka ng'ambo ya mto, kisha wa tatu juu kilimani, mpaka msitu mzima wapigiana kelele. Halafu kimya ghafula. Huyo ndiye shorobo.

Wengi wamsikia, wachache wamwona. Si kwamba ni mdogo. Toka ncha ya mdomo hata ncha ya mkia hupata sentimeta 40 na zaidi kidogo, na karibu nusu ya urefu huo ni mkia. Lakini mwili wake ni wa kijani, na akitulia katika majani waweza kusimama chini yake dakika kumi ukitazama juu mpaka shingo ikuume, usione kitu. Mara aruka kwenda mti wa pili, na hapo ndipo mtu hushtuka, kwa maana mbawa zikifunguka ni nyekundu, nyekundu ya damu, kana kwamba amevaa shuka jekundu chini ya koti la kijani. Akitua, mbawa zafungwa, na wekundu umetoweka. Jicho lako labaki likitafuta kitu chekundu mtini, nacho hakipo tena. Nadhani mwewe pia hudanganyika hivyo hivyo.

Shorobo wako wa namna nyingi. Jamaa yao nzima ina aina zipatazo 23, na wote ni wa Afrika, kusini ya jangwa la Sahara. Hakuna hata aina moja iliyo mwenyeji wa bara jingine. Twaweza kusema pasipo kujisifu kwamba ndege huyu ni wetu kweli kweli.

Yule wa milima yetu ya kaskazini, na wa nyanda za juu za Kenya, kitaalamu ametajwa kwa jina la Hartlaub, daktari mmoja wa Bremen, Ujerumani. Ana kishungi cheusi chenye kung'aa buluu, duara jekundu kuzunguka jicho, na baka jeupe mbele yake kama tone la chokaa. Hata Nairobi, katika vitongoji vyenye miti mikubwa, huonekana akila matunda kwenye bustani za watu. Chini kuelekea pwani, kutoka kusini ya Somalia hata Tanga na Usambara ya Mashariki, yuko mwingine aitwaye kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyekaa Unguja, na ambaye mwaka 1883 alisafiri bara mpaka Naivasha. Huyu kishungi chake ni chekundu chenye ukingo mweupe, na mdomo wake ni mwekundu pia. Wako hata Unguja, na waendao msitu wa Jozani huweza kumkuta.

Ndugu zetu wa Uluguru na wa nyanda za juu za kusini wanaye yule wa Livingstone, mwenye kishungi kirefu kilichochongoka, chenye ncha nyeupe. Watu wengi hudhani jina hilo ni la David Livingstone, yule msafiri mashuhuri. Sivyo. Ni la ndugu yake Charles, waliyefuatana naye katika safari ya mto Zambezi. Watu wa Kigoma na wa Bukoba nao wana wao wa zambarau iliyokolea, mwenye mdomo wa manjano. Tena katika msitu wa Minziro, mpakani na Uganda, yuko jitu lao, shorobo mkubwa wa buluu, mwenye urefu wa sentimeta 70 na zaidi na uzito wa karibu kilo moja. Huyo hana wekundu mbawani. Na wale wa nchi kavu ya miiba, wenye rangi ya majivu, waitwao gawa, ni wa jamaa hiyo hiyo ingawa hawana hata chembe ya fahari ya ndugu zao. Wawindaji huwachukia, kwa sababu gawa akimwona mtu hupiga kelele, na wanyama wote wakajua.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu, yaani huo wekundu wa mbawa.

Rangi za ndege hazifanani kwa asili yake. Nyingine ni rangi za kweli, yaani kitu chenyewe kilichomo ndani ya unyoya, kama vile rangi iliyomo ndani ya kitambaa. Nyingine ni hila ya mwanga tu. Mtazameni kasuku wa kijani. Ukiusaga unyoya wake hupati unga wa kijani. Ndani yake mna manjano, na unyoya umejengwa kwa namna ambayo mwanga ukiupiga hurudisha buluu, na hizo mbili zikichanganyika machoni petu twaona kijani. Ndege wengi sana wa kijani ni wa hila hiyo. Shorobo siye. Kijani chake ni rangi ya kweli, imo ndani ya unyoya, jambo ambalo ni nadra sana kwa ndege.

Na wekundu wake wastaajabisha zaidi. Mwaka 1869 mtaalamu wa kemia wa Uingereza, Arthur Church, alitangaza kwamba ameichunguza rangi nyekundu ya mbawa za shorobo na kukuta ndani yake madini ya shaba. Ndiyo, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Tena si chembe ya bahati mbaya, kama vumbi lililoshikamana na unyoya. Shaba ni sehemu ya rangi yenyewe, karibu sehemu 7 katika kila 100. Rangi hiyo haijapata kuonekana kwa ndege mwingine wala kwa mnyama mwingine, ila kwa shorobo tu. Na hiyo shaba aipata wapi? Haendi mgodini. Huipata katika chakula chake, matunda na majani, ambamo imo kidogo mno, na mwili wake huikusanya pole pole na kuihifadhi mpaka itoshe kuvisha mbawa. Ndiyo maana kinda wa shorobo hazaliwi na fahari hiyo, na manyoya yake ya kwanza huwa yamefifia.

Kuna hadithi ya siku nyingi kwamba shorobo akinyeshewa sana rangi yake huchuruzika na mbawa zikabaki nyeupe. Si kweli. Angekuwa hivyo asingepata kuishi Usambara hata majira moja ya masika! Lakini hadithi hiyo ina chanzo chake. Ukiuokota unyoya mwekundu ulioanguka, ukauchovya katika maji matupu, hautoi kitu. Ukiuchovya katika maji ya magadi, au maji yaliyochujwa katika majivu, au povu kali la sabuni, hapo rangi huanza kutoka, na maji hugeuka kuwa mekundu. Mvua haina magadi, basi shorobo yu salama. Walimu mnaofundisha watoto mambo ya maumbile, mkibahatika kuuokota unyoya chini ya mti, hilo ni somo zuri lisilogharimu hata senti moja. Lakini uwe umeokotwa. Haifai ndege auawe kwa ajili ya somo.

Kwa kuruka, shorobo si hodari. Hupiga mbawa mara chache kwa nguvu, kisha hujiachia akaelea kushuka mpaka mti wa pili, kana kwamba kazi hiyo yamchosha. Ustadi wake uko miguuni. Kidole chake cha nje ni kama kina bawaba, chaweza kugeuzwa mbele au nyuma kadiri atakavyo kulishika tawi. Akitua katika mti hatulii. Hukimbia juu ya matawi kama kindi, huruka kutoka tawi hadi tawi, hupanda akizunguka shina, mkia umeinuka, na kwa dakika moja amefika kileleni bila kufungua mbawa. Ardhini hashuki mara nyingi, ila kwa kunywa maji na kuoga, na hapo huwa na wasiwasi mwingi.

Wazungu wa kwanza waliowaandika ndege hawa waliwaita wala ndizi, na hata jina la jamaa yao kwa lugha ya wataalamu lina maana hiyo. Walikosea. Shorobo wa msituni ni nadra kula ndizi. Chakula chake kikubwa ni matunda ya miti ya porini, na hasa kuyu. Mkuyu ukiiva msituni, shorobo hukusanyika hapo asubuhi na jioni pamoja na hondohondo na njiwa na tumbili, kila mtu na kelele zake. Hula pia majani machanga, vichipukizi, maua, na mara moja moja konokono na viwavi, hasa wakati wa kulea. Akiona mapera yameiva kiamboni hatakataa, sisemi ni mtakatifu. Lakini mahindi hayagusi, wala maharagwe, wala mpunga, wala vifaranga. Mkulima anayemrushia shorobo jiwe akidhani alinda shamba anamwadhibu asiye na kosa, huku panya buku wamlia mihogo usiku.

Kinyume chake, ndege huyu ana kazi kubwa. Tunda hulimeza zima zima. Chakula hakikai sana tumboni mwake, nazo mbegu hupita bila kusagwa, akaziangusha mbali na mti mama, mahali penye nafasi ya kuota. Katika msitu wa Nyungwe, kule Rwanda, wataalamu waliwafuata shorobo wa aina tatu, wakaandika wanakula nini na wapi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Ilionekana wazi kwamba ndege hao ni wapanzi wa miti ya msitu ule. Mti wenye tunda hauna miguu. Usipopata wa kumchukulia mbegu, watoto wake wote huota chini ya kivuli chake wenyewe na kufa kwa kukosa mwanga. Na msitu wa mlimani, kila mama achotaye maji ajua, ndio mama wa chemchemi.

Kuhusu kulea, shorobo ni ndege wa jamaa. Dume na jike hawatofautiani kwa mavazi, katika aina karibu zote huwezi kumtambua yupi ni yupi kwa kutazama. Katika majira ya kuzaa huishi wawili wawili, na dume humlisha jike tunda mdomoni. Nyumba yao, kusema kweli, ni ya aibu kidogo. Ni vijiti vimepangwa ovyo juu ya tawi kama kiota cha tetere, na mara nyingine ukisimama chini waweza kuona mwanga ukipita katikati. Huko jike hutaga mayai mawili, meupe meupe. Wote wawili huatamia kwa zamu kwa muda wa majuma matatu hivi, mengine zaidi kidogo, kwa kadiri ya aina.

Makinda hutoka wamefunikwa malaika mazito. Baba na mama huwalisha wote wawili, wakicheua matunda yaliyolainika, na hata uchafu wa kiotani huuondoa kwa kuumeza, ili kiota kisinuke na kuwaita maadui. Kisha makinda wana jambo moja geni: kwenye kiungo cha bawa wana ukucha mdogo. Kabla hawajajua kuruka, wakiwa na majuma matatu au manne tu, hutoka kiotani na kuanza kutambaa matawini, wakijishika kwa miguu, na kwa mdomo, na kwa huo ukucha. Wakati huo ndio wa hatari kubwa. Anayeanguka chini mara nyingi haponi. Na watoto wetu wakimwona hapo chini hudhani ameachwa yatima, wakamchukua nyumbani kumlisha ugali. Hajaachwa. Wazazi wako juu, wanatazama. Afadhali ainuliwe, awekwe juu ya tawi la karibu, watu waondoke.

Uzuri huo umemletea heshima, na heshima imemletea matata. Katika ufalme wa Eswatini manyoya mekundu ya shorobo huvaliwa kichwani na watu wa ukoo wa kifalme, na ndege huyo ndiye ndege wa taifa. Katika milima ya Bamenda, magharibi ya Kameruni, unyoya mwekundu huvaliwa na watu waliopewa heshima na wakubwa wa nchi. Milima hiyo ndiyo makao ya shorobo mmoja aitwaye wa Bannerman, ambaye hapatikani po pote duniani isipokuwa katika nchi ile ya juu, na misitu yake imekatwa sana kwa mashamba na kwa moto. Katika mlima Oku, tangu mwaka 1987, wanavijiji na watu wa hifadhi walishirikiana kuuwekea mipaka msitu wa Kilum-Ijim, wenyeji wakitengeneza kanuni za kuutumia. Walifanya hivyo kwa ajili ya maji yao na asali yao na dawa zao, na ndege akapona humo humo.

Niwasimulieni na kisa kimoja cha Ethiopia. Mwana wa mfalme mmoja wa Italia, kwa cheo tu, si kwa kutawala, jina lake Eugenio Ruspoli, alikuwa akisafiri kusini mwa nchi ile akikusanya ndege. Mwezi wa Desemba mwaka 1893 tembo alimwua. Katika mizigo yake ilikutwa ngozi ya shorobo mwenye kichwa cheupe, ambaye hakujulikana. Mwaka 1896 mtaalamu wa Turin, Salvadori, alimwandika na kumpa jina la marehemu. Lakini ngozi haikuwa na karatasi ya kueleza ndege alipatikana wapi, na mwenye kujua alikuwa amekufa. Wataalamu hawakupata kumwona tena hai mpaka miaka ya 1940. Wakati wote huo, bila shaka, watoto wachungao ng'ombe kule walikuwa wakimwona kila siku.

Siku hizi hatari ni mbili. Ya kwanza ni biashara. Miaka ya nyuma shorobo wengi walinaswa wakiwa hai na kupelekwa Ulaya na kwingineko, wafungwe vizimbani kwa kutazamwa. Wengi hufa kabla ya kufika. Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango kwa ndege wa porini, kwanza mwaka 2005 kwa muda, kisha mwaka 2007 moja kwa moja, nayo Serikali ya Tanzania mwaka 2016 ilipiga marufuku kusafirisha nje wanyama na ndege hai. Kijana anayekuja kijijini na wavu na fedha mkononi, akisema ana ruhusa, aulizwe karatasi yake mbele ya mwenyekiti.

Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Nimekwisha kusema kwamba shorobo haruki mbali. Msitu ukikatwa katikati, ukabaki vipande viwili na mashamba matupu baina yake, yeye hawi kama njiwa wa kuvuka anga. Hubaki kipandeni mwake. Kipande kikiwa kidogo, na mikuyu yake ikikatwa kwa mbao na mkaa, basi mwaka wa ukame hana pa kwenda. Ndiyo sababu vipande vidogo vya misitu ya wazee vina thamani. Kule pwani ya Kenya, kaya za Wamijikenda, ambazo wazee walikataza zisikatwe, zimebaki kama visiwa vya miti katikati ya mashamba, na mwaka 2008 baadhi yake ziliandikwa katika urithi wa dunia. Amani, Usambara ya Mashariki, ilifanywa hifadhi mwaka 1997. Lakini kati ya hifadhi na hifadhi ni mashamba yetu sisi, na hapo mkuyu mmoja ulioachwa kando ya kijito, na mwingine hatua mia mbili mbele, humtosha shorobo kuwa daraja.

Atakaye kumwona aamke mapema. Autafute mkuyu wenye matunda mabivu ukingoni mwa msitu, akae chini bila kuvaa nguo nyeupe, wala asizungumze. Asitazame majani, kwa kuwa hataona kitu. Atazame matawi manene yaliyo wazi na angoje kuona kitu kinachokimbia juu yake kama kindi mwenye kishungi. Kisha avumilie mpaka aruke.